Pini ya Trela ya Okeny

Okeny alikuwa polisi wa ziwani kwa miaka ishirini na sita, na mtu aliyezoea kutoa amri hafundishiki kirahisi. Kiinua mgongo chake alikinunulia boti, iliyokaa nyumbani Kisugu juu ya trela isiyo na breki. Kila Jumamosi aliivuta kwa pikapu hadi ufukweni Ggaba, mkewe Santa pembeni, kwenda kubeba wasafiri. Mpaka siku moja ya mvua trela ikaisukuma pikapu mteremkoni, na pikapu ikasimama tairi moja likining'inia juu ya mtaro. Santa alishuka, akarudi nyumbani kwa miguu.

"Baba Adoch, mimi siingii tena kwa hii gari." Na Santa akisema, amesema.

Jumamosi bila Santa zilikuwa ndefu mno. Okeny akaipeleka trela kwa Sadiq, fundi wa Kabalagala, akitaka breki za umeme alizoziona kwenye simu.

"Afande, trela unaingiza kwa maji?" Sadiq aliuliza.

"Mpaka magurudumu inapotea."

"Basi waya itaoza. Tuweke ya mafuta. Ukipunguza mwendo, trela inasukuma mbele, huo msukumo ndiyo unabana breki. Na iwe ya diski, ile ya dramu inashika matope ndani."

Kazi ilichukua siku nne. Mwishoni Sadiq alimwonyesha pini ndogo: ukirudi nyuma unaichomeka ili breki zisibane, ukimaliza unaitoa. Okeny aliitikia kama mtu anayeambiwa maji yanalowesha.

Sadiq alikuwa na desturi ya marehemu baba yake: aliyefunga breki hupanda safari ya kwanza. Jumamosi akafika Kisugu. Okeny akaitoa trela uani kinyumenyume, na Santa, aliyebembelezwa wiki nzima, akaketi katikati yao. Walipokaribia mteremko Sadiq akaomba wasimame. Akashuka, akazunguka nyuma, akarudi mlangoni kwa Okeny na pini kiganjani.

Okeny hakuwa ameisahau. Aliiacha makusudi, kwa kuwa kazini, miaka yote ile, pini ya bomu la mkono ikiwa ndani ndiyo usalama. Ikitoka, kitu hulipuka.

Sadiq alimpa pini kwa chini, Santa asione, akarudi kuketi kando ya Santa. Wakateremka, trela ikifuata kwa adabu. Chini kabisa Okeny akazima injini.

"Mama Adoch, leo ningekuua. Pini niliiacha ndani, breki hazingeshika. Huyu ndiye aliitoa." Akamgeukia Sadiq. "Fundi, asante. Umeniokolea mke, na hukuniaibisha mbele yake. Nitakushukuru mpaka nife."

Santa akashuka. Okeny akajua ndiyo basi, anarudi tena kwa miguu. Lakini Santa alikwenda nyuma, akainama penye trela.

"Fundi, kuja unionyeshe inakaa wapi," aliita. "Na wewe, Baba Adoch, leta hiyo pini. Kutoka leo naitoa mimi, halafu ndiyo napanda."