Nimeogopa kupiga simu ya kaka

Jamani, leo simu yangu naiogopa.

Kaka yangu alienda ziwani jana kuvua sangara, mpaka sasa hajarudi. Simu yake inaita tu, haipokelewi. Tangu alfajiri nimepiga kila dakika tano. Ikiita, napumua.

Nikaingia darasani hapa Nyakato kufundisha fizikia. Nikaeleza ndege iliyopotea inavyotafutwa: setilaiti inaiita, ndege inajibu, na kwa majibu hayo wanakadiria ilikopita.

Mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, na ndege ikiishiwa umeme?"

"Haijibu tena."

Chaki ikanidondoka.

Kaka huwaga anaondoka na chaji nusu. Na mimi asubuhi nzima nimekuwa naimaliza!

Mama ametuma meseji kutoka Kitaji: "Bado inaita?"

Saa nne iliita. Sijapiga tena.

Ungekuwa wewe, ungepiga?