Siku Niliyombatiza Bibi

Jirani yangu hapa Bariadi mjini ana tabia ya kuchoma mavi makavu ya ng'ombe jioni, eti kufukuza mbu. Wapangaji wenzangu wanalalamika kwamba nguo zilizoanikwa zinanuka. Mimi silalamiki. Moshi ule ukiingia dirishani, mzito, wenye harufu ya majani yaliyooza, nasimama na mwiko mkononi hadi mboga inaungua, maana nimesharudi kijijini Migato, nina miaka kumi, na bibi yangu anapuliza moto huku machozi yanamtiririka.

Bibi Limi, mama mzazi wa baba yangu, alipikia moto huo maisha yake yote. Kwetu miti ilikwisha zamani, pamba ilishakula vichaka vyote. Ng'ombe walikuwepo. Basi alipika kwa mavi ya ng'ombe ugali, mlenda, hata chai, na macho yake yakawa mekundu. Mnaonisoma, naomba mlishike hilo mapema: moshi wa miaka mingi, macho mekundu. Hakuna siri nyingine ndani yake. Nalisema kwa sababu kuna watu wazima, wenye akili zao, waliokataa kuliona.

Bibi hakuwa Mkristo. Sisi wengine wote nyumbani tulibatizwa, yeye alibaki na wazee wake waliokufa. Kila asubuhi aliwamwagia mlangoni maji yenye unga wa mtama, akiwasalimia kwa majina kana kwamba wamepita kuomba chumvi. Lakini Jumapili ni yeye aliyetuamsha, akatupaka mafuta mpaka shingoni. "Nendeni mkanisalimie huyo Mungu wenu," alisema. "Mwambieni magoti yananiuma."

Mwaka ule nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Katekista wa kigango chetu alikuwa na picha kubwa iliyochorwa kwenye kitambaa: juu mbingu, chini moto. Aliigusa kwa fimbo. "Huyu hakubatizwa. Huyu naye hakubatizwa. Na huyu, alisema atabatizwa kesho." Mchoraji, sijui alitumwa na nani, aliwapa watu wa motoni wote macho mekundu. Nilikaa mstari wa mbele nikimtafuta bibi yangu katika ile picha, na kila nilipotazama nilimpata.

Halafu akafa mtoto wa Mama Shija, jirani yetu. Kachanga, hakajafika hata miezi mitatu, homa ya siku mbili. Kalikuwa hakajabatizwa kwa sababu padre alikuja kigangoni kwetu mara chache na mvua zilikuwa zimekata njia. Mama Shija alimpigia magoti Katekista aje asali tu, hata sala moja. "Utaratibu ni utaratibu, mama," alijibu. Wakamzika nyuma ya nyumba bila wimbo. Nilimuuliza baba mtoto yule yuko wapi sasa. Baba akaniambia nikachambue pamba.

Nilichambua pamba, lakini kila nilipofumba macho niliiona ile picha. Usiniulize mtoto wa miaka kumi anajua nini kuhusu kifo. Anajua alichofundishwa, na mimi nilifundishwa vizuri sana.

Jumamosi moja Katekista akasema kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, na padre hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Maji, na yale maneno, basi.

"Hata mtoto?" niliuliza.

"Hata mtoto. Ila mpaka iwe hatari ya kufa kweli. Bila hivyo ni kuchezea sakramenti, Kabula, na hiyo ni dhambi kubwa."

Nikapiga hesabu zangu njiani. Bibi ni mzee. Mzee si yuko karibu kufa? Sikumuuliza mtu, niliogopa wangesema hapana.

Bibi alikuwa na usingizi wa mchana wa ajabu. Akishakula tu, alijilaza juu ya ngozi ya ng'ombe kwenye kivuli cha ghala, mdomo wazi, hadi jua linashuka. Nikachota maji kwenye mtungi kwa kata. Jina lilinisumbua kidogo, maana lazima liwe la mtakatifu. Nikamchagulia Agnesi, jina la msichana wa darasani kwetu aliyekuwa na sweta. Nilimmwagia kichwani mara tatu, nikitamka maneno yote polepole nisikosee hata moja.

Bibi akafumbua macho. "Mvua?"

"Ndiyo, Bibi."

Akatazama juu. Hakukuwa na wingu hata la dawa. Akanitazama mimi, akajifuta uso kwa kitenge, akageukia upande wa pili akalala. Nilipoinua macho, Mama Shija alikuwa amesimama kwenye uzio wa minyaa, beseni tupu mkononi. Aligeuka akaondoka haraka.

Kesho yake nilienda lamboni kuchota maji, na wanawake wakanyamaza nilipofika. Kisha mmoja akasema, bila kunitazama, "Ndiye huyu anayerithishwa mkoba."

"Mdogo hivi?"

"Wanaanza wadogo. Mwambie bibi yako, we binti, watoto wetu wamebaki wachache."

Habari ilikuwa imeshaiva: bibi kizee mwenye macho mekundu analala mchana kwa sababu usiku ana kazi zake, na sasa anamfundisha mjukuu uchawi. Mama Shija ameona kwa macho yake dawa ikimwagwa kichwani na maneno yakinong'onwa. Na mtoto wake amekufa.

Neno moja langu lingetosha kuyamaliza. Sikulisema. Kichwani kwangu lilikaa lile jingine, kuchezea sakramenti, dhambi kubwa, na niliona kwamba nikifungua mdomo tutaungua wawili. Siku tano nilikaa hivyo. Bibi alisalimia wapita njia, hawakuitika. Baba alitengeneza komeo jipya la mlango wa nyumba ya bibi, gogo nene la kukingama, nikadhani ni kwa ajili ya fisi.

Siku ya sita kukaitwa mkutano kitongojini, saa tisa alasiri. Bibi alikalishwa kwenye kigoda katikati. Wanaume wa sungusungu, walinzi wa kijiji, walikaa kwenye mabenchi na fimbo zao. Katekista alipewa kiti mbele, pembeni ya mwenyekiti, kama mtu wa heshima. Baba alichuchumaa nyuma akichora chini kwa kijiti.

Mama Shija hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mimi sina ugomvi na mayu huyu," alisema, akimwita mama kama tunavyowaita wakubwa. "Nataka kujua tu yale maji yalikuwa ya nini. Mwanangu yuko chini."

"Umesikia, mayu," mwenyekiti akasema. "Maji yalikuwa ya nini?"

"Nilikuwa nimelala, baba. Niliambiwa ni mvua."

"Mvua ya kata moja!" mtu akadakia, watu wakacheka.

"Na usingizi gani huo wa mchana?" akauliza mwanaume wa benchi la mbele. "Usiku unakuwa wapi?"

Hapo hakuna aliyecheka.

Nilisimama. Mkojo ulinishuka mguuni na sikujali. "Nilikuwa nambatiza," nikasema. "Nimempa Agnesi."

Mzee mmoja akaanza kucheka mpaka akapaliwa, na wengine wakamfuata, na nikaona mabega ya baba yakishuka. Mama Shija hakucheka. Aliniangalia tu, nadhani neno lile la kubatiza lilimchoma mahali ambapo sisi wengine hatukufikiria. Na Katekista hakucheka. Alisimama, shingo imevimba.

"Kabula! Nilifundisha nini? Nilisema mpaka mtu awe katika hatari ya kufa! Hapa nani alikuwa katika hatari ya kufa?"

"Mimi," bibi akasema.

Kicheko kikakatika.

"Mimi hapa, mwalimu. Mtoto hajakosea. Waulize hawa waliokaa kama hawajui."

Akawatazama wale wa mabenchi mmoja baada ya mwingine, hana haraka, na mmoja baada ya mwingine wakapata kazi ya kuangalia viatu vyao. Mwenyekiti akakohoa, akasema mambo yamekwisha, na tusisahau Jumatatu ni zamu ya kusafisha lambo.

Katekista alinichapa fimbo nne hata hivyo.

Mimi nilidhani bibi amedanganya ili kuniokoa. Nilikuja kumwelewa nilipojifungua binti yangu, miezi ile ya kwanza nilipokesha nikimsikiliza anapumua, kisha mchana nadondoka usingizini popote nilipokaa. Ndipo nikajua mtu anayelala vile mchana ni mtu aliyekesha. Miaka ile vikongwe wa vijiji vya jirani walikuwa wanakatwa mapanga vitandani mwao kwa kudhaniwa wachawi, na bibi usiku alikaa macho akisikiliza hatua. Mchana alilala kwa sababu watu walikuwa wanapita. Komeo la baba halikuwa la fisi. Baada ya mavuno baba alimhamishia kwa shangazi aliyeishi Lagangabilili, na huko bibi alikufa miaka mingi baadaye, kwa uzee, usiku, amelala fofofo.

Simchukii Mama Shija. Angesaliwa mwanawe, huenda asingetafuta wa kumlaumu. Nilipompeleka binti yangu kubatizwa, padre wa huku mjini aliniambia Kanisa lina sala za kumzika mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo, zimo kitabuni. Hasira yangu ni kwa Katekista. Kila Jumamosi alituonyesha moto wa baada ya kufa. Hakuna Jumapili hata moja aliyosimama mbele ya wanaume wale, wanaopokea Komunyo, akawaambia macho mekundu ni moshi, waacheni mama zenu. Naamini mbingu ipo, na naamini tutaulizwa. Ila sidhani tutaanza kuulizwa kuhusu maji.

Wiki mbili baada ya mkutano ule padre alikuja kutuungamisha. Nilitaja dhambi zangu, kisha nikaongeza ya bibi, nikiogopa itakosa mtu wa kuisemea.

"Bibi yangu alisema uongo mbele ya watu, Padre. Alisema yuko katika hatari ya kufa, na alikuwa mzima."

Padre aliinua kichwa akanitazama. "Bibi yako ni yupi?" aliuliza. Nikamwambia. Akasema, "Hiyo si dhambi, mwanangu. Nenda kwa amani," akaniondolea dhambi, akaita mwingine upesi.

Nilitoka nikifurahi kwamba alikuwa na haraka. Padre wa watu, hakuwa na haraka yoyote. Alijua. Katekista alijua, baba alijua, wenye fimbo walijua kuliko wote. Kijiji kizima ni mimi tu niliyeamini bibi yangu ni mzima, na ni mimi tu niliyesimama kumwokoa.