Saki za Baba Kalenga ku mulango yangu

Leo asubui nilimuseka jirani yangu mbele ya bantu. Sasa niko na haya mpaka mu masikio.

Toka nifike Élisabethville sijaonaka mvua ya vile. Mutoni Naviundu iliacha njia yake, ikakuya moja kwa moja kwangu.

Baba Kalenga, ule jirani anatumikaka ku reli, akakuya na saki kumi, magunia tupu.
«Tujaze muchanga.»
«Muchanga? Si njo tunachujaka nayo mayi?»
Bantu bakaseka!

Lakini nikajaza. Mi natumikaka ku magazini ya kuweka bunga: saki inajaa mpaka juu, inafungwa nguvu.
Kumbe zikasimama ngumu sawa majiwe, mayi ikapita katikati yao.

Baba Kalenga akafungua zote. Akatosha muchanga kidogo mu kila saki, akazilaza kama matofali, akazikanyaga mpaka zikashikana.

Mayi ikapita tena kati ya saki.
«Baba, unaona?»
«Ngoja. Muchanga inakunywa kwanza, inakuwa nzito, mayi haitaisukuma tena. Kisha matope itaziba matundu.»

Kweli. Ikabakia matone tu. Mutoto wetu wa siku ine analala pakavu, asante Mungu!

Bibi yangu akamuletea Baba Kalenga chai. Nikamuuliza:
«Na kwako, Baba, uliweka saki ngapi?»
Akaangalia mulango yangu.
«Saki zangu njo hizi.»

Ninyi bote tulioseka pamoja asubui: mukuye na ndobo. Tunaenda kutosha mayi kwa Baba Kalenga.