Kuendesha Gari Juu ya Meza

Gari la kwanza nililoendesha maishani lilikuwa la mbao, refu kama kidole gumba, na nililisukuma kwa kidole juu ya meza. Mji wake ulikuwa umechorwa kwa rangi kwenye ubao: barabara, kivuko cha wanafunzi, reli, na raundabauti kubwa katikati. Shule hiyo ya udereva ilikuwa Kitui mjini, chumba kimoja kilichopakana na kinu cha kusaga mahindi. Kinu kikiwaka, meza ilitetemeka na magari yakahama njia yenyewe, na mwalimu akatuuliza nani hapo amevunja sheria. Tulijibu kwa makini sana.

Ilikuwa miaka ya sabini, na si kwamba nilikosa njia nyingine ya kujifunza. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori barabara ya Mombasa. Aliniambia nihamie kwake Kambu, niwe taniboi wake kwa miaka miwili: nifunge turubai, nibadilishe magurudumu, nizoee injini, kisha atanipa usukani kidogo kidogo. Nilimwona mshamba. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na ile shule ilitoa cheti chenye mhuri mwekundu. Mjomba hakuwa na mhuri wowote, kwa hiyo nikachagua shule.

Mama alikuwa mjane mwenye maksai wawili wa kuvuta plau. Aliuza mmoja ili nisome. Maksai mmoja peke yake havuti plau, na kwa hiyo msimu ule alingoja majirani wamalize mashamba yao ndipo wamwazime wa kufunga na wake. Kwetu, chini ya milima ya Mbooni, mvua haimngoji mtu. Akapanda akiwa amechelewa, na mahindi yakatoka mafupi kama yameonywa. Nilijua yote hayo. Nilijiambia kwamba nikiandikwa kazi nitamnunulia maksai mwingine, na dhamiri yangu ikalala fofofo.

Mwalimu wetu alivaa tai na viatu vya akala, vile vya mpira wa gurudumu. Alikuwa mpole, na mji wake wa mbao aliupenda kuliko mtu anavyopenda shamba lake. Ukiegemea meza alikuambia umelalia hospitali. Lori lilikodishwa siku mbili tu. Tulizunguka nalo uwanja wa mpira, mahali tambarare kama sahani, kwa gia ya kwanza na ya pili. Gia zilizobaki zilikuwa kwenye chati ukutani, na tulizisoma. Mkaguzi alipokuja nilimtajia alama zote za barabarani bila kuvuta pumzi, nikazunguka uwanja mara moja bila kugonga goli, nikapita. Nilirudi nyumbani nimevaa shati jeupe ili kila mtu ajue.

Mjomba, ambaye hakuwa na kinyongo, alinitumia habari kwamba kuna mwenye malori kule Mwingi anatafuta dereva. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu aliyetoka kaskazini mashariki na familia yake, mtu wa maneno machache. Cheti changu hakukitazama. Alipakia mbuzi kumi na wawili kwenye lori, kisha badala ya kuketi nami mbele, akapanda nyuma na kusimama katikati ya mbuzi.

"Enda mpaka mtoni, rudi," alisema.

Niliendesha kwa madaha. Kwenye makorongo nilikanyaga breki kwa nguvu, kwani mwalimu alikuwa amesema breki ni ya kukanyagwa. Tuliporudi, mzee yule alishuka polepole akijipangusa kinyesi kwenye kanzu.

"Mbuzi tano imeanguka, imelala," alisema. "Hata mimi karibu nilale. Kaa na dereva yangu miezi tatu, uangalie mguu yake. Chakula iko, mahali ya kulala iko. Halafu tutapima tena."

Mimi, mwenye mhuri mwekundu, nikae nikitazama mguu wa mtu mwingine? Nilimwambia kwa heshima kwamba mimi ni dereva aliyehitimu. Alisema sawa, akaenda kushusha mbuzi wake. Njia nzima nilijisemea kwamba watu wa mifugo hawathamini elimu. Leo nikikumbuka nasikia aibu mpaka kwenye masikio.

Mwajiri niliyemchagua ndiye aliyenichagua bila kunipima. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mwenye duka na lori Kikima, anayebeba kabichi na machungwa kutoka milimani hadi Sultan Hamud. Alinifanyia usaili sebuleni kwake, chai ikiwa mezani. Aliuliza kama nimeokoka, nimebatizwa wapi, kama navuta sigara, na kama ninaweza kuimba sauti ya tatu kwa sababu kwaya ilikuwa na upungufu. Kuhusu gia hakuuliza lolote, na mimi sikutaka kumsumbua. Kabla chai haijapoa nilikuwa na kazi. Mama alifurahi sana, na jirani zake wa kanisani wakampa mkono.

Lori lenyewe lilikuwa na maneno ya wokovu mbele, nyuma, na ubavuni. Breki zake zilishika ukizikanyaga mara tatu. Hendibreki ilikuwa jiwe. Lilikuwa na nafasi yake ndani ya kebini, limefungwa gunia lisichafue kiti, na kila tuliposimama mpakiaji wetu alishuka nalo mbio kulitia nyuma ya gurudumu. Nilipomtajia mzee habari za breki, alinitazama kwa huruma.

"Hiyo jiwe iko na miaka sita na haijatuangusha," alisema. "Shida yako ni imani, kijana."

Kila asubuhi tuliinamisha vichwa mbele ya boneti, na yeye akaombea injini, magurudumu, barabara na bei ya kabichi, kila kimoja kwa jina. Breki aliziombea kwa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo nilipojua kwamba alizifahamu vizuri kuliko mimi.

Wiki ya tatu, tukiteremka kutoka Kikima na shehena ya kabichi, nilikanyaga mara tatu na hazikushika. Nikakanyaga ya nne. Mpakiaji alikuwa amekumbatia lile jiwe kama mtoto mchanga, ananitazama. Mjomba angerudisha gia mapema, kule juu kabisa, kabla mteremko haujaanza. Mimi nilivuta gia ikakataa, ikakwaruza meno, ikabaki katikati, na lori likawa halina gia wala breki. Kichwani nilikuwa na ile chati ya ukutani, safi kabisa, na hakuna mahali iliposema ufanye nini. Nikaukata usukani kulia, tukapanda tuta la shamba la mtu, tukavunja tuta la pili, tukasimama kwenye la tatu, ndani ya migomba. Matuta yale yalichimbwa kuzuia udongo, na siku hiyo yalituzuia sisi. Hakuna aliyeumia. Kabichi ziliendelea na safari bila sisi, na watu wa bondeni walizipokea vizuri.

Mzee alifika, akaona lori limesimama wima, akapiga magoti kwenye migomba ya watu. Jumapili akatutangaza kanisani kama muujiza. Alisema adui alitaka kuangamiza lori lakini ameshindwa, na kwamba Jumatatu litarudi kazini na dereva huyuhuyu. Habari za fundi hakuzitaja. Kisha akamwita mama mbele aongoze maombi ya shukrani.

Mama alitembea mpaka mbele. Alikuwa mwanamke mfupi, na kanisani hajawahi kusema jambo lililozidi amina. Alisimama, watu wakafumba macho wakidhani anaanza.

"Maksai yangu niliuza ndio huyu ajue kuendesha gari," alisema. "Kuomba nilimfundisha bure, nyumbani. Mzee, na wewe uza ng'ombe moja utengeneze breki."

Akarudi kuketi. Watu walifumbua macho mmoja mmoja. Mzee alikohoa na kuomba wimbo, na kwaya ikaanza kwa sauti mbili tofauti, kwa maana mimi wa sauti ya tatu nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilijua alikuwa amemchapa mzee, na kwamba nusu ya fimbo ilikuwa yangu.

Ndani ya wiki lori lilikuwa na breki mpya. Mzee alishuhudia kwamba maombi yamejibiwa. Lilikuwa na dereva mpya pia, kwa sababu mimi Jumatatu nilikuwa nimekwenda Mwingi, bila shati jeupe.

Mfanyabiashara wa mbuzi hakuniuliza nimetoka wapi. Alinionyesha dereva wake, nami nikakaa kushoto kwake miezi mitatu, kisha mitatu mingine, nikitazama mguu. Nilijifunza kwamba mguu mzuri hauonekani ukifanya kazi. Siku ya kupimwa mzee alipanda tena nyuma na mbuzi wake kumi na wawili, tukaenda mtoni tukarudi, na akashuka na kanzu safi. "Kesho unaenda Garissa," alisema, na hiyo ndiyo barua yangu ya kazi.

Baada ya mavuno mawili nilimpelekea mama maksai, mkubwa, mweusi, mwenye kisogo kinene. Nilimfunga kwenye mti nikangoja kusifiwa. Mama alimzunguka, akamfungua mdomo akatazama meno, akampapasa bega mahali panapokaa nira.

"Mwaitu, mama yangu, huyo ni mzuri," nilisema.

"Naona," alisema. "Huyu anajua kazi, ama ako na cheti?"