Bendi ya Fundi Simu

Fundi simu wa jirani na kibanda changu cha masweta, hapa Makambako, anapenda bendi moja ya Ulaya ya metali, ule muziki wa magitaa makali na makelele, inayoongozwa na mwimbaji mwanamke. Hushika bisibisi kwa vidole vitatu, hupuliza vumbi, hutikisa kichwa. Zamani mwimbaji huyo alinguruma kushinda magitaa, wateja hawakukaa, nikawa nabaki na fundi mimi peke yangu. Albamu mpya ina kinanda na sauti laini, na sasa wasichana wanaotoka Njombe wakishuka stendi huja kumjazia benchi.

“Kaka, rudia wimbo huo,” mmoja alimwambia jana. Akaurudia mara tatu.

Walipoondoka nikamwambia bendi yake imeharibika.

“Haijaharibika, dada. Imepata watu.”

Sikumwambia kwamba ngurumo zile zilikuwa zikiniumiza kichwa, na kwamba huu ndio wimbo wao wa kwanza nilioupenda.