Sauti ya Mke Wangu Kwenye Milango ya Watu

Mimi ni fundi wa makochi, na nyumba yetu ndiyo hiyohiyo karakana. Mke wangu alipoanza kurekodi sauti nikaambiwa nisigonge misumari. Fundi mzima, kwake mwenyewe, anakatazwa kugonga. Haya, nikapiga kimya. Hata kabati letu la nguo nililibandika sponji ndani, pande zote na mlango. Akawa anajifungia humo na maiki, anasoma sentensi zisizo na kichwa wala miguu: paka amekaa juu ya ndoo, shangazi anapenda vitabu. Alikuwa akitoka humo jasho linamchuruzika, anacheka peke yake.

Wazo lilikuwa la shemeji yangu, mdogo wake, mtu wa kompyuta. Mke wangu alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kusomea cha wasioona. Kutwa nzima anawasomea watu magazeti, barua za watoto wao, maelekezo ya dawa, mpaka koo linakauka na foleni bado ipo. Shemeji akasema atatengeneza programu iwasomee badala yake, kwa sauti ileile waliyoizoea. Sauti inakatwa vipande, kompyuta inaviunga na kutamka neno lolote, hata ambalo mwenyewe hajawahi kulisema.

Na kweli, ikasoma. Kulikuwa na mzee mmoja asiyeona, mstaafu, tuliyemwita Mwalimu tu, akawa halali bila ile sauti sikioni. Alimwambia mke wangu, "Mama, siku hizi hata hunichoki." Siku hiyo mke wangu alirudi nyumbani analia kwa furaha.

Shemeji hakutaka kuiuza. Akaitoa kwa leseni ya hao wenzake wa programu huria: yeyote aitumie, kwa kazi yoyote, ilimradi abakize majina ya walioitoa na marekebisho yake ayaweke wazi. Nikamuuliza, "Yeyote yeyote?" Akanijibu kwamba ukianza kuchagua nani atumie na nani asitumie, tayari umeshakuwa mchoyo. Kwa upande wa programu labda ana haki, mimi sijui. Lakini na sauti ya dada yake aliitia humohumo, kifurushi kimoja, leseni moja, kama walivyozoea kufanya. Mke wangu naye akakubali kwa moyo mkunjufu.

Siku moja tukaenda kununua vitambaa vya makochi. Mke wangu yuko ubavuni kwangu, mdomo kaufunga, nikasikia sauti yake inatoka juu ya mlango wa duka. "Unarekodiwa. Usiguse kitu. Sogea." Nikamgeukia nikidhani ananitania. Uso ulikuwa umemshuka, anaitazama kamera iliyokuwa juu yetu.

Kampuni ya kamera ilikuwa imeichukua ile programu ya bure, na haikupita muda kamera hizo zikawa kila mlango. Majirani wakapata la kusema: jamani tusiguse kitu, mwenyewe anapita. Utani huo aliuvumilia. Kilichomuumiza ni watu wake wa chumba cha kusomea. Asiyeona hupapasa mlango ili ajue alipo, na sasa akipapasa anafokewa na sauti iliyomsomea barua ya mwanawe. Wengine wakaanza kuzima programu hata nyumbani. Basi mke wangu akapiga moyo konde, tukaenda mahakamani. Fidia hakuitaka. Alitaka kitu kimoja, sauti yake itolewe kwenye milango ya watu.

Wakili wa kampuni ya kamera alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionikera. Akaweka boksi la kamera mezani, akaligeuza. Chini, kwa maandishi madogo, palikuwa na jina kamili la mke wangu. "Jina tumelibakiza, kama leseni inavyotaka," akasema. "Na marekebisho yetu yote yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyatazama."

Hakimu akamuuliza shemeji, "Mliandika nyinyi, kwa kazi yoyote?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mnaweza kuiondoa ruhusa hiyo?"

"Hapana. Tuliandika hivyo makusudi, ili mtu asije akawanyang'anya watu baadaye."

Hakimu akavua miwani. "Pole sana, mama. Hawajavunja sharti lolote."

Nje, shemeji alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. "Dada, mimi nilidhani..." Mke wangu akamwambia, "Najua." Nilikuwa na maneno yangu kwa huyo shemeji, mengi tu, lakini nilipomwona vile nikayaacha. Siku hizi toleo jipya la programu analitia sauti ya mtu mwingine. Yale yaliyokwisha kufika milangoni hawezi kuyagusa.

Juzi tulikuwa tunapita duka la dawa, tukamkuta Mwalimu mlangoni, anapapasa fremu akitafuta kidaraja cha kupandia. Kamera ikamfokea. Mke wangu akamwendea taratibu, akamwambia kwa ile sauti aliyomsomea miaka yote, "Mwalimu, sogea huku, kidaraja kiko hapa."

Mwalimu akautoa mkono haraka. Akarudi nyuma, akainua mikono yote miwili juu. "Sijagusa kitu," akasema. "Naondoka."

Mke wangu alifungua mdomo, akaufunga. Akanisukuma begani, nikamwongoze mimi.