Pawa saplai ya redio ya Mzee Rajabu wa Bonga: tulivyobishana original au ya kutengenezesha

Wakuu, amani iwe kwenu.

Kuna uzi humu watu wanabishana kama redio za zamani zinafaa kuwekewa pawa saplai isiyo ya kampuni yake. Nilitaka kuchangia kule, nikaona maelezo yatakuwa marefu mno kwa comment. Naleta huku.

Ni mambo niliyokuwepo. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo. Majina nimebadilisha, maana wenyewe wapo.

Twende.

Miaka ile Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Pale Babati wazee wengi ukiwauliza wako mkoa gani walikuwa wanakujibu Arusha, halafu wanajirekebisha. Mimi nilihamishiwa hapo kikazi nikitokea Singida, mambo ya ardhi, nikapanga nyumba Bonga, ukitoka mjini kwa barabara ya Dodoma.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Rajabu. Mrangi, baba yake alihamia kutoka Kondoa. Aliuza vitambaa mjini karibu maisha yake yote, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomla macho. Nilipofika mimi alikuwa haoni kabisa. Mkewe alishafariki. Aliishi hapo hapo na binti yake, Mama Salma, ambaye ndiye aliyerithi kazi ya duka. Kila asubuhi anampa baba yake uji na dawa, anakwenda mjini, jioni anarudi.

Kwa hiyo mchana kutwa mzee alikuwa na redio yake.

Nasema redio kwa sababu wenyewe walivyoiita. Kiukweli ulikuwa mtambo: mashine ya santuri, amplifaya kubwa, spika mbili ndefu za mbao, na kati yao kisanduku chembamba ambacho wanaojua wanakiita preamp. Kazi yake ni kuipokea ile sauti ndogo ya santuri na kuikuza kidogo kabla haijaingia kwenye amplifaya. Mzee aliununua kipande kimoja kimoja enzi za biashara nzuri. Alikuwa anajua kila santuri kwa kuipapasa jalada na kuinusa. Sitanii, alikuwa anazinusa.

Sasa ile preamp haikuchomekwa ukutani moja kwa moja. Ilikuwa na pawa saplai yake ya nje, box la chuma zito kama tofali, na waya wake unaingia nyuma ya kisanduku. Waliotengeneza walifanya hivyo makusudi ili mngurumo wa transfoma ukae mbali na sauti.

Siku moja umeme ulikatika mchana. Uliporudi, ulirudi na nguvu isiyo ya kawaida. Wa Babati wa miaka ile mnajua ninachosema. Taa ya kwangu ilipasuka. Kwa mzee lile box likatoa moshi, na redio ikanyamaza.

Mimi si fundi. Ila nina mita ya kupimia na huwa napenda kufungua vitu. Nikafungua. Transfoma ilikuwa imeungua vibaya, waya zake zimekuwa nyeusi. Wasiwasi wangu ukawa kwenye preamp yenyewe. Nikaazima betri mbili za pikipiki kwa jirani, nikaziunga kwa mfuatano kupata volti ishirini na nne kama lebo ilivyosema, nikachomeka. Redio ikaamka. Sauti safi kabisa. Mzee akacheka.

Mtu atauliza kwa nini hatukuendelea na betri. Zilikuwa za kuazima, mkuu. Mwenyewe alikuja kuzichukua kabla santuri haijaisha.

Basi tukajua tatizo ni pawa saplai tu. Hapo ndipo mabishano yalipoanzia.

Mama Salma alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Alinunua adapta mjini, ile ya plastiki nyepesi, imeandikwa volti ishirini na nne, na kichwa chake kinaingia nyuma ya preamp bila shida. Bahati nzuri alinisubiri. Nilipopima nikakuta chanya iko katikati ya kichwa, wakati preamp inataka hasi iwe katikati. Tungechomeka vile ilivyo, tungeua na kisanduku.

Nikakata waya, nikageuza, nikaunga upya. Ikawaka. Mama Salma akashangilia.

Mzee akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Nani kaingiza mbu humu?"

"Mbu gani, Baba?" binti akauliza.

"Yumo ndani ya spika."

Mimi sikusikia kitu. Mama Salma hakusikia kitu. Nikasogeza sikio mpaka nikagusa kitambaa cha spika, ndipo nikausikia: mluzi mwembamba sana, hauachi hata wimbo ukinyamaza. Hizi adapta nyepesi huwa zinawasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa ndani yake, na nyingine uchafu wake unapenya mpaka kwenye sauti. Kwenye taa huwezi kujua. Kwenye preamp ya santuri, kwa mtu ambaye amebakiwa na masikio tu, unajua.

"Zima," mzee akasema. "Bora kimya."

Kikawa kimya kweli.

Sehemu hii naieleza kwa kifupi. Mzee aliacha kutoka nje kukaa barazani. Akawa analala mchana, usiku anakesha. Chakula anagusa na kuacha, na mwenye sukari akila hovyo hovyo mnajua kinachofuata. Mama Salma akawa anafunga duka mapema kuja kumbembeleza ale. Jioni moja alisimama mlangoni kwangu, mkoba bado uko begani.

"Baba Neema," akaniita, "huyu mzee anazimika. Redio ikiwaka anaishi. Nifanyeje?"

Alikuwa ameshampigia simu mdogo wake, Idrisa, aliyekuwa Dar akifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Idrisa akasema asiguse kitu. Atatafuta original. Mtambo wa Baba hauwekewi vitu vya ajabu ajabu. Alipata mtu nje ya nchi anayeuza box lile lile, kampuni ile ile, lililotumika. Lingekuja kwa meli pamoja na mizigo mingine. Lini? Likifika.

Niliongea naye mwenyewe kwenye simu.

"Kaka, nakuomba umzuie dada," aliniambia. "Kile kitu ndicho Baba alichobakiwa nacho. Kikiharibika hakuna kingine."

Nilimwelewa. Na dada yake nilimwelewa pia. Mmoja aliogopa mtambo kufa, mwingine aliogopa mzee kufa. Nikamwambia Mama Salma kwamba mimi siamui, ila namjua fundi Arusha anayetengeneza mitambo ya makanisa, na kama anataka nitampeleka.

Hakufikiri sana. Tulikwenda.

Fundi alikuwa mama mmoja wa makamo, Fundi Eliza. Tulimpelekea box lililoungua na preamp yenyewe. Akapima, akasoma lebo, akauliza redio inakaa wapi na umeme wa huko ukoje. Akasema anaweza kutengeneza ya transfoma, ya mtindo wa zamani, isiyo na ule mluzi. Ila akaongeza: "Sitawapa leo. Lazima niiache iwake muda mrefu nione kama inapata joto. Ikipata joto naanza upya."

Alianza upya kweli. Ya kwanza ilichemka, akaitupa. Tulipoitwa kuchukua, kazi ilikuwa ndani ya kasha la chuma la stabilaiza mbovu, halina rangi, limetobolewa matundu ya hewa pembeni. Sura yake haikuwa ya kuvutia, lazima niseme. Lakini volti zilikuwa sawa, hasi iko katikati, na fyuzi ilikuwepo. Akatushauri tuweke na stabilaiza nzima ukutani, ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Tukaweka.

Bonga tulifika jua linaelekea kuzama. Nikachomeka. Mama Salma akaweka santuri.

Mzee alikuwa amelala chumbani. Hatukumwita. Tukasikia kitanda kinalia, halafu mkono unapapasa ukuta, halafu yeye mwenyewe mlangoni.

"Mbu ametoka," akasema.

Akaomba chai. Mama Salma aliingia jikoni na akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Ingekuwa hadithi ya kutunga ningeishia hapo. Lakini original ilikuwa njiani.

Ilifika mzee akiwa ameshazoea maisha yake tena, mbaazi zimeshavunwa. Idrisa aliileta mwenyewe, kaibeba mapajani kwenye basi kutoka Dar. Hakuwa amefika nyumbani tangu mazishi ya mama yao. Alisalimia, shikamoo Baba, marahaba mwanangu, akakaa kidogo, kisha macho yake yakatua kwenye lile kasha.

"Hili dude ni nini?"

"Pawa saplai," dada yake akajibu.

"Mtambo wa Baba unawekewa makopo?"

"Makopo hayo ndiyo yaliyomtoa kitandani. Wewe ulikuwa wapi?"

Idrisa akafungua mzigo wake. Box lilikuwa zuri, wakuu, tuseme ukweli. Limepakiwa vizuri, halina mkwaruzo, nembo inang'aa. Nilikagua lebo kwanza, maana mashine nyingine za Kijapani zimetengenezwa kwa umeme wao wa volti mia, ukichomeka kwetu unawasha moto. Hii ilikuwa ya umeme wetu. Idrisa akainama kuchomoa waya wa kasha, Mama Salma akamshika mkono. Wakabaki hivyo, mmoja ameshika waya, mwingine ameshika mkono.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake anasikia yote.

"Msibishane," akasema. "Wekeni kimoja, halafu kingine. Msiniambie kipi. Mimi sioni, hamna haja ya kunificha."

Tukafanya hivyo. Santuri moja, upande mmoja, wimbo ule ule. Kwanza Mama Salma akaunga kasha la Arusha. Mzee akatikisa kichwa kwa mdundo mpaka tulipozima.

Halafu Idrisa akaunga original.

Wimbo ukaanza. Mzee akainua uso.

"Kuna mtu anasaga mahindi mbali huko."

Safari hii wote tuliusikia: mngurumo mzito, wa chini chini, kama mashine ya kusaga ya kijiji cha pili. Idrisa alipiga magoti akaweka sikio kwenye spika. Alikaa pale mpaka wimbo ukaisha, amewapa watu mgongo.

"Baba," akasema, "hiyo ndiyo niliyoleta mimi."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ulipochomeka waya ulikwaruza kwaruza. Dada yako anachomeka mara moja. Unaondoka lini?"

"Kesho asubuhi, Baba. Kazi."

"Basi achana na waya. Geuza santuri, tusikilize upande wa pili."

Idrisa akarudisha kasha la Arusha, akageuza santuri, akakaa chini kwenye mkeka karibu na miguu ya baba yake. Mimi niliaga, hayakuwa tena mambo yangu. Asubuhi nilipotoka kwenda kazini viatu vya Idrisa vilikuwa bado mlangoni kwao. Jioni pia.

Kwa wanaotaka kujua mwisho wa original: tuliipeleka kwa Fundi Eliza. Ndani ilikuwa na kapasita, vile vikopo vidogo vya kusafisha umeme, zilizokauka kwa uzee. Kitu hakikuharibika kwa kutumika, kiliharibika kwa kukaa. Akabadilisha zote, mngurumo ukaisha. Tulipomsikilizisha tena, mzee hakuweza kutofautisha box na kasha. Akasema hilo limetosha, tukamchoshe kwa jambo lingine. Wakabaki na vyote viwili, kimoja akiba.

Nilihama Babati baadaye. Nasikia mzee aliishi miaka kadhaa, ila hilo ni la kusikia, sikuwepo.

Nilichojifunza mimi.

Original siyo uhakika kama imezeeka na haijafunguliwa. Ya kutengenezesha siyo takataka kama imetengenezwa na mtu anayepima. Soma lebo ya mashine yako: volti, ampea, AC au DC, na chanya iko wapi. Kichwa kuingia kwenye tundu hakuna maana yoyote, vichwa vinaingia hata visipopatana. Adapta nyepesi ya dukani inaweza kuwasha redio na bado ikaiharibu sauti. Na ukinunua original iliyotumika, ipeleke kwanza ikabadilishwe kapasita kabla hujaiamini.

Jingine halihusu umeme. Ndugu wakigombana juu ya kitu cha mzazi, mara nyingi mzazi mwenyewe yupo pale pale kwenye kiti na hakuna aliyemuuliza. Sisi tulibishana kwa simu, kwa safari na kwa maneno makali, na mwenye masikio alikuwa mle mle nyumbani siku zote.

Wakuu, waliopitia haya wamwage uzoefu wao hapa chini, hasa wa preamp na mashine za santuri. Na mafundi mliomo humu, kama nimekosea mahali kwenye ufundi, nirekebisheni bila matusi.